Upepo wa Mwendo na Upepo wa Feni: Historia ya Kupoza Injini katika Magari ya Kale ya Spoti na Funzo Lake kwa Istilahi za Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya kupoza injini katika magari ya spoti tangu miaka ya mwanzo ya gari hadi miaka ya 1970, kwa kuzingatia zaidi feni ya rejeta. Hoja kuu ni kwamba kila hatua ya historia hiyo ilihamisha utegemezi kutoka chanzo kimoja hadi kingine: kutoka maji ya njiani hadi upepo wa mwendo, kutoka upepo wa mwendo hadi mzunguko wa injini, na kutoka mzunguko wa injini hadi umeme. Makala yanaonesha kuwa Kiswahili cha gereji kimepokea majina ya vifaa vyote vilivyozaliwa katika safari hiyo, ilhali hitilafu zake zote kinazieleza kwa kitenzi kimoja, kuchemsha. Inapendekezwa kwamba istilahi za ufundi ziundwe kwa kufuata kazi ya kifaa na chanzo cha hitilafu, badala ya kuishia kwenye orodha ya vipuri.

1. Utangulizi

Injini ya petroli ni tanuri kabla ya kuwa chombo cha mwendo. Sehemu kubwa ya joto linalotokana na kuungua kwa mafuta haigeuki kuwa mwendo: sehemu hutoka na moshi, na takriban theluthi moja hulazimika kuondolewa na mfumo wa kupoza. Mfumo huo ukishindwa, silinda hedi hupinda, gasketi hupasuka na pistoni hukwama. Kwa sababu hiyo, historia ya gari inaweza kusomwa kama historia ya jitihada za kuliondoa joto mahali lisipotakiwa.

Magari ya spoti yanafaa kwa uchunguzi huu kwa sababu yanaukuza mgogoro unaojificha katika magari ya kawaida. Mbunifu wa gari la spoti hutaka injini yenye nguvu nyingi, hivyo yenye joto jingi. Hutaka pia pua ya gari iwe ya chini na mdomo wake uwe mdogo, ili gari lipasue hewa kwa urahisi. Matakwa hayo mawili yanapingana, kwa kuwa mdomo mdogo huingiza hewa kidogo kwenye rejeta. Hewa hiyo hutoka katika vyanzo viwili ambavyo makala haya yataviita upepo wa mwendo, yaani ule unaoletwa na kwenda kwa gari lenyewe, na upepo wa feni, yaani ule unaovutwa na mapanga yanayozunguka. Uhusiano wa pepo hizo mbili ndio uzi wa makala haya.

2. Kutoka maji ya njiani hadi sega la nyuki

Gari la kwanza la Karl Benz, lililopewa hataza mwaka 1886, halikuwa na rejeta kwa maana ya leo. Maji yalizunguka silinda, yakachemka na kupotea hewani kama mvuke. Kuchemka hakukuwa hitilafu, bali ndiyo njia yenyewe ya kupoza. Bertha Benz alipoendesha gari la aina hiyo kutoka Mannheim hadi Pforzheim mwezi Agosti 1888, safari ya zaidi ya kilomita 100, alilazimika kuongeza maji mara kwa mara njiani. Upozaji ulitegemea visima, mito na ukarimu wa vijiji.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na Wilhelm Maybach katika gari la Mercedes la nguvu za farasi 35, lililokamilika mwishoni mwa mwaka 1900 na kushiriki mashindano ya Nice mwaka 1901. Maybach aliunda rejeta ya mfano wa sega la nyuki, yenye vijibomba 8,070 vya pembe nne, kila kimoja kikiwa na upana wa milimita 6. Hewa ilipita ndani ya vijibomba na maji yakapita katikati yao. Eneo la kukutana kwa hewa na maji liliongezeka sana, na kiasi cha maji kilichohitajika kilishuka hadi takriban lita 9. Nyuma ya rejeta hiyo Maybach aliweka feni ndogo ili kusaidia gari linapokwenda polepole. Tangu mwanzo, basi, feni ilikuwa kijazilizi: upepo wa mwendo ulikuwa ndio kanuni, na upepo wa feni ulikuwa akiba ya nyakati za mwendo mdogo.

Magari mengi ya bei nafuu yaliyofuata, kama vile Ford Model T na Austin Seven ya mwaka 1922, yalitumia sifa ya maji yenyewe: maji ya moto ni mepesi, hupanda juu ya rejeta, hupoa, kisha hushuka na kurudi chini ya injini. Njia hii haikuhitaji pampu, lakini ilihitaji rejeta ndefu na maji mengi, na ilizidiwa kadiri nguvu za injini zilivyokua. Pampu ya maji ikawa ya lazima. Themostati ya nta, iliyoendelezwa na Sergius Vernet katika miaka ya 1930, ikaupa mfumo uwezo wa kujiamulia: nta huyeyuka na kutanuka kwa joto, hufungua njia ya kwenda kwenye rejeta, na huifunga injini inapopoa.

3. Feni iliyofungwa kwenye injini

Kwa zaidi ya nusu karne, feni ya gari ilizungushwa na injini yenyewe kwa mkanda. Mpango huo ni rahisi na imara, ila una kasoro ya kimantiki. Gari linaposimama kwenye foleni, upepo wa mwendo hukoma, na wakati huohuo injini huzunguka polepole, hivyo feni nayo hulegea. Gari linapokimbia barabara kuu, upepo wa mwendo hutosha kabisa, na wakati huohuo feni huzunguka kwa kasi kubwa bila kuhitajika. Feni ya mkanda hufanya kazi kidogo palipo na shida na kazi nyingi pasipo na shida.

Kasoro hiyo ina gharama. Nguvu inayodaiwa na feni huongezeka kwa kipeuo cha tatu cha kasi yake: kasi ikiongezeka maradufu, nguvu inayoliwa huongezeka mara 8. Katika gari la familia hasara hii ilivumilika. Katika gari la spoti, ambalo mbunifu wake alihesabu kila nguvu ya farasi, ilikuwa kama kodi isiyo na huduma. Ndiyo maana magari ya mashindano mara nyingi hayakuwekewa feni kabisa: yalibuniwa kwa dhana kwamba hayatasimama.

Njia mbili za kutoka zilijitokeza. Ya kwanza ni klachi ya feni yenye mafuta mazito ya silikoni, ambayo huiacha feni iteleze rejeta ikiwa baridi na kuikamata rejeta ikipata moto. Ya pili ni kuitenga feni na injini kabisa na kuipa mota ya umeme inayowashwa na swichi ya joto.

4. Jaguar E-Type na uhamisho wa utegemezi

Jaguar E-Type, iliyozinduliwa Geneva mwezi Machi 1961, ni kielelezo kizuri cha njia ya pili. Injini yake ya lita 3.8 ilitokana na ukoo wa XK, uliotangulia kuonekana London mwaka 1948 katika gari la XK120, ambalo feni yake ilikuwa ya mkanda. E-Type ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 265 na mwendo wa karibu kilomita 240 kwa saa. Umbo lake lililosifiwa ulimwenguni kote lilikuwa na pua ndefu na mdomo mwembamba wa mviringo. Nyuma ya mdomo huo ilikaa rejeta yenye feni moja ya umeme iliyowashwa na swichi ya joto.

Kinadharia tatizo lilikuwa limetatuliwa: feni ingezunguka wakati wa haja tu. Kivitendo, utegemezi ulikuwa umehama. Magari ya kwanza ya E-Type yalipata umeme kutoka dainamo, na dainamo hutoa umeme kidogo injini inapozunguka polepole. Hivyo gari likiwa kwenye foleni, taa zikiwaka usiku, feni ilidai umeme katika saa ileile ambayo umeme ulikuwa haba. Injini ya lita 4.2 ilipokuja mwaka 1964 ililetwa pamoja na altaneta, inayochaji vizuri zaidi hata katika mzunguko mdogo. Toleo la pili la gari, la mwaka 1968, lilipanuliwa mdomo na kupewa feni mbili. Umbo la mwaka 1961 lilibuniwa kwa barabara iliyo wazi. Mabadiliko ya mwaka 1968 yalikuwa ungamo la kihandisi kwamba wanunuzi wengi waliishi katika miji yenye foleni na joto, hususan Marekani.

Injini ya XK ina funzo jingine litakalorejewa hapa chini. Themostati yake hufanya kazi mbili. Inapofunguka kuelekea kwenye rejeta, wakati huohuo huiziba njia ya mkato inayorudisha maji ya moto moja kwa moja ndani ya injini. Fundi akiiondoa, au akiweka ya umbo lisilo sahihi, njia ya mkato hubaki wazi, sehemu ya maji haifiki kwenye rejeta, na injini hupata moto zaidi badala ya kupoa.

Mfano wa kinyume ni Triumph Stag, iliyotoka mwaka 1970 ikiwa na injini ya V8 ya lita 3. Sifa yake mbaya ya kuzidiwa na joto haikutokana na feni. Pampu yake ya maji iliwekwa juu, hivyo kiwango cha maji kiliposhuka kidogo tu, pampu ilianza kuvuta hewa. Baadhi ya bloku zilibaki na mchanga wa kalibu kutoka kiwandani, ukaziba njia za maji. Silinda hedi za aluminiamu zikapinda juu ya bloku ya chuma. Feni nzuri haiwezi kupoza maji yasiyozunguka.

5. Injini isiyo na maji

Porsche 911, iliyooneshwa Frankfurt mwaka 1963, ilifuata njia tofauti iliyorithiwa kutoka kwa Volkswagen na kwa Porsche 356. Haina rejeta ya maji. Feni kubwa iliyo nyuma ya gari husukuma hewa juu ya silinda zenye mapezi, na mafuta ya injini hubeba sehemu kubwa ya joto lililobaki. Magari ya 911 yaliendelea hivyo hadi mwaka 1998.

Katika gari hili upepo wa mwendo hauna nafasi ya kwanza. Upepo wa feni ndio kila kitu, na mkanda ndio roho ya gari: ukikatika, injini ina dakika chache tu. Wabunifu waliliona hilo. Katika matoleo ya awali mkanda uleule uliizungusha pia altaneta, hivyo ulipokatika, taa nyekundu ya chaji iliwaka. Dereva aliyedhani taa hiyo inahusu betri pekee aliendelea na safari na kuiua injini. Aliyeelewa uhusiano wa vifaa alisimama. Alama ilikuwa moja, na tofauti ilikuwa katika ujuzi wa kuifasiri.

6. Ushahidi wa Safari

Mabishano ya maji na hewa yalipimwa hadharani Afrika Mashariki. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi yalifanyika majira ya Pasaka, wakati wa mvua. Hali zake zilikuwa kinyume cha dhana za mbunifu wa Ulaya: mwendo mdogo kwenye tope huku injini ikizunguka kwa nguvu, matope yaliyoziba rejeta, vumbi, joto la nyika, na mwinuko. Mwinuko una athari ya moja kwa moja. Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji yaliyo wazi huchemka kwenye takriban nyuzi 94 za Selsiasi badala ya 100. Kifuniko cha rejeta hurudisha nafasi hiyo kwa kuongeza shinikizo, na kila paundi moja kwa inchi ya mraba hupandisha kiwango cha kuchemka kwa takriban nyuzi moja na nusu. Katika nyanda za juu, kifuniko kilicholegea kina madhara makubwa kuliko pwani.

Matokeo ya mashindano hayaungi mkono upande mmoja. Volkswagen inayopozwa kwa hewa ilishinda mwaka 1954, 1957 na 1962. Datsun 240Z, gari la spoti lenye rejeta na feni ya mkanda, ilishinda mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann na mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta. Porsche 911 ilimaliza ya pili mwaka 1972, 1974 na 1978 bila kushinda. Ushindi ulikuja miongo kadhaa baadaye katika mashindano ya magari ya kale, ambapo Björn Waldegård, aliyekuwa wa pili mwaka 1974, alishinda kwa 911 mwaka 2011. Hakuna mfumo uliokuwa bora kila mahali. Kilichotakiwa ni timu kujua mfumo wake unategemea nini, na kukilinda kitu hicho: rejeta isizibwe na tope, mkanda usikatike, kifuniko kisilegee.

7. Kuchemsha: kitenzi kimoja, hitilafu nyingi

Gereji za Afrika Mashariki hazikusubiri kamati za istilahi. Rejeta, feni, pampu, themostati, gasketi na altaneta ni maneno yaliyokuja pamoja na vyuma vyenyewe na kutulia katika ngeli ya I-/ZI-. Neno feni lilikuta jina jingine, pangaboi, linalohusishwa na panka la Kihindi. Pangaboi likabaki darini, feni ikachukua gari. Kwa upande wa nomino, kwa hiyo, Kiswahili hakina upungufu wa kutisha.

Upungufu uko kwenye vitenzi. Fundi na dereva husema gari limechemsha. Kisarufi huu ni utendeshi wa -chemka, lakini kitendwa, yaani maji, kimedondoshwa, na gari limekuwa mtenda. Katika lugha ya mitaani ya Tanzania kitenzi hicho kimeendelea hadi kumaanisha kushindwa: aliyechemsha ni aliyeharibu kazi. Usemi huu una uhai na haupaswi kukemewa. Hata hivyo, unataja mwisho wa tukio na kunyamaza kuhusu chanzo chake.

Historia iliyoelezwa hapo juu inaonesha vyanzo visivyopungua vitatu. Gari linalochemsha likisimama na kupoa likienda lina upungufu wa hewa: feni haizunguki, mkanda umelegea, swichi ya joto imekufa au umeme ni hafifu. Gari linalopoa kwenye foleni na kuchemsha mlimani au mwendo wa kasi kwa kawaida lina upungufu wa mzunguko: rejeta imeziba, pampu imechoka au themostati haifunguki. Gari linalomwaga maji kabla ya kufikia joto la hatari lina upungufu wa shinikizo: kifuniko hakishiki au mpira unavuja. Tiba za hali hizi tatu hazifanani, na katika Kiswahili cha gereji zote huingia chini ya neno moja.

Matokeo yake yanaonekana katika desturi inayojulikana sana katika ukanda wetu ya kuondoa themostati kwa hoja kwamba ni kifaa cha nchi za baridi. Hoja hiyo inatokana na kulifahamu jina bila kuifahamu kazi. Themostati haipo kwa ajili ya baridi ya nje. Ipo ili kuiweka injini katika joto lake la kazi, na katika injini kama ya XK huamua pia njia ya maji. Injini isiyo nayo hukawia kupata joto, hula mafuta zaidi na kuchakaa mapema, na wakati mwingine hupata moto kuliko awali. Hasara hiyo humwangukia mwenye gari, awe mhifadhi wa gari la kale au mwenye daladala anayeitegemea kwa riziki.

8. Hitimisho na mapendekezo

Feni ya rejeta imepita katika mikono ya mabwana watatu: mwendo, injini na umeme. Hakuna hatua iliyofuta utegemezi. Kila moja iliuhamisha, na kila uhamisho ulihitaji mtumiaji mwenye maarifa mapya ya kufasiri dalili zilezile. Magari ya kale yanafaa kufundishia jambo hili kwa sababu uhusiano wa vifaa vyake unaonekana kwa macho. Katika magari ya leo uhusiano huo umefichwa ndani ya kompyuta ya gari, na mafundi waliojifunza kwa mkanda na kifuniko wanazidi kuzeeka.

Mapendekezo matatu yanatokana na uchunguzi huu. Kwanza, faharasa za ufundi wa magari zipangwe kwa mifumo na kazi, si kwa alfabeti ya vipuri pekee, na kila kidahizo kieleze kifaa kinategemea nini na kikishindwa huleta dalili gani. Pili, istilahi za hitilafu, kama vile upungufu wa hewa, upungufu wa mzunguko na upungufu wa shinikizo, zijaribiwe katika vyuo vya ufundi stadi kabla ya kusanifishwa, ili zishindane na mazoea ya gereji na kuthibitika huko. Tatu, mabaraza ya Kiswahili ya nchi zetu, kwa uratibu wa Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yakusanye msamiati na mbinu za mafundi wakongwe wa pande zote za mipaka, kwa kuwa gari linalovuka Namanga au Mutukula hutengenezwa na mikono ya pande zote mbili. Kazi hiyo haihitaji maneno mengi mapya. Inahitaji kwamba fundi anayesema gari limechemsha awe na maneno ya kujibu swali linalofuata: limechemsha kwa sababu gani?